Hukumu Isiyo na Mshtakiwa: Kuhusu Sehemu ya Pili ya Filamu ya Kikorea Singwa Hamkke

Utangulizi

Filamu ya Singwa Hamkke, yaani ‘Pamoja na Miungu’, iliyoongozwa na Kim Yong-hwa, ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Korea Kusini mwezi Desemba 2017. Sehemu yake ya pili ilifuata Agosti 2018. Ya kwanza ilitazamwa nchini humo na watu zaidi ya milioni 14, na ya pili na zaidi ya milioni 12, katika taifa lenye wakazi wapatao milioni 51. Kwa hesabu ya tiketi, basi, hakuna kilichoharibika. Huu ulikuwa mfululizo wa kwanza wa Kikorea ambao sehemu zake zote mbili zilivuka watazamaji milioni kumi. Makala haya yanahusu kuharibika kwa namna nyingine, kusikoonekana katika daftari la mapato: filamu inayohusu hukumu baada ya kifo, ambayo katika sehemu yake ya pili haimhukumu mtu yeyote.

Ni kawaida kwa wahakiki kuulaumu mwendelezo kwa kusema kwamba mtunzi alirudi kuchovya katika chungu kilichokwisha kupakuliwa. Utetezi huo, maana kwa hakika ni utetezi, haufai hapa. Sehemu zote mbili zilipigwa picha kwa pamoja, kwa bajeti moja, waigizaji wakuu walewale na studio ileile ya picha za kompyuta, Dexter, ambayo mwongozaji mwenyewe ndiye mwanzilishi wake. Sehemu ya pili haikuongezwa baadaye ili kuvuna umaarufu wa ile ya kwanza. Ilikusudiwa tangu mwanzo kuwa nusu ya kazi moja. Kasoro yake ni kasoro ya usanifu, na ndiyo maana inastahili kuchunguzwa kuliko ambavyo ingestahili kama ingekuwa kasoro ya pupa.

Kuzimu, ahera na tatizo la jina

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Mahali panaposimuliwa na filamu hii panaitwa jeoseung kwa Kikorea. Mfasiri wa Kiswahili ana maneno mawili mkononi, na kila moja linamsaliti kwa namna yake. Ahera, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ya mwisho: aliyefika huko hana safari nyingine. Kuzimu, yenye shina moja na mzimu, ni mahali pa waliotutangulia, ambao bado wana uhusiano nasi. Wanakumbukwa, wanatambikiwa, pengine wanakasirika. Jeoseung ya filamu hii ni njia ya kupita. Marehemu hupewa siku 49 za kupita mbele ya mahakama saba, moja baada ya nyingine, na akishinda zote huzaliwa upya. Dhana hiyo inatokana na imani ya Kibudha ya wafalme kumi wanaohukumu wafu, iliyotoka China na kuenea Korea, ambapo saba za mwanzo huangukia kila siku ya saba. Msomaji wa pwani ataikumbuka arobaini yetu, ingawa arobaini ni hesabu ya wafiwa zaidi kuliko ya marehemu. Nitatumia kuzimu, kwa sababu filamu yenyewe inasisitiza kwamba wafu na walio hai wangali wanagusana. Msomaji asisahau tu kwamba kuzimu hii ina mlango wa kutokea.

Vichwa vidogo vya filamu navyo vinahitaji kuangaliwa katika lugha yake. Sehemu ya kwanza inaitwa Joewa Beol, ‘Kosa na Adhabu’, jina ambalo kila msomaji wa riwaya ya Kirusi atalitambua. Ya pili inaitwa Ingwa Yeon. Hapa pana mchezo wa maneno. In ni sababu, yeon ni fungamano au mazingira yanayoifanya sababu izae tunda. Yakiunganishwa hutoa inyeon, neno la kila siku la Kikorea kwa uhusiano ambao watu hawakuuchagua bali uliwachagua wao. Papo hapo, silabi mbili za mwanzo za kichwa hicho, zikisomwa pamoja, ni ingwa, yaani sababu na matokeo. Ni kichwa kizuri sana. Kinaahidi kwamba baada ya kosa na adhabu tutaonyeshwa jinsi makosa yanavyowafunga watu pamoja. Kwa soko la nje sehemu hii ilipewa jina la Along with the Gods: The Last 49 Days, na ahadi hiyo ikapotea kabla mtazamaji hajaketi.

Ja-hong na maana ya kesi

Sehemu ya kwanza ina makosa yake, na si madogo. Ina machozi mengi kuliko yanayohitajika, na mandhari ya moto na barafu yanayokaribia kuwameza waigizaji. Hata hivyo inasimama, kwa sababu inaelewa kesi ni chombo gani cha usimulizi. Kim Ja-hong, mzimamoto, anakufa akimwokoa mtoto. Anapofika kuzimu anaambiwa kwamba yeye ni mtu mwema, wa kwanza kupatikana baada ya miaka 19. Anapewa wajumbe watatu wa kumsindikiza na kumtetea: Gang-rim, kiongozi wao, Hewonmak mwenye nguvu za mwili, na Deok-choon, msichana anayeweza kusoma mashtaka ya mahakama inayofuata. Hao nao wana haja yao. Wakifanikisha kuzaliwa upya kwa watu 49 katika miaka elfu moja, watapata kuzaliwa upya wenyewe. Ja-hong ni wa 48.

Kisha mahakama zinaanza, na wema unaanza kuchubuka. Kwa nini alimwacha mwenzake ndani ya moto? Kwa nini alifanya kazi usiku na mchana, je, si kwa tamaa ya fedha? Kwa nini aliandika barua kwa jina la mtu aliyekwisha kufa? Kila shtaka lina jibu, na kila jibu linatupeleka karibu zaidi na lile jambo ambalo Ja-hong hataki lijulikane. Zamani, katika ufukara uliopindukia, alimwinukia mama yake mgonjwa na mto mkononi, akikusudia kuwamaliza wote pamoja na yeye mwenyewe. Mdogo wake akamzuia. Ja-hong akampiga, akatoroka nyumbani, na kwa miaka kumi na mitano akatuma fedha bila kurudi hata mara moja. Mama ni bubu. Usiku ule alikuwa macho.

Angalia jinsi msuko ulivyopangwa. Mahakama ya saba ni ya kutowatii wazazi, na ndiyo kituo cha mwisho kwa sababu mahakama sita zilizotangulia zimekuwa zikiondoa ganda baada ya ganda. Hukumu hapa haiji kutoka juu kama radi. Ni njia ya kujua. Hatumjui Ja-hong mpaka ahukumiwe, naye hajijui. Tena filamu imeweka kanuni ya sheria yenye uzito wa kimaadili: aliyesamehewa kwa kweli duniani hawezi kuhukumiwa kuzimu kwa kosa lilelile. Kwa hiyo ufunguo wa kesi hauko kwa wakili wala kwa mfalme Yeomra. Uko kwa mwanamke asiyeweza kusema, aliye hai, asiyejua kwamba kuna kesi. Ndiyo sababu tukio la ndoto, ambapo mama anapata sauti, linawaliza hata watazamaji waliokuwa wamejiandaa kutolia. (Mimi nilikuwa mmoja wao, na sikufaulu.)

Su-hong, au mtu asiye na kesi

Mshtakiwa wa sehemu ya pili ni Su-hong, yule mdogo mtu. Tayari tulimwona akifa: akiwa jeshini, bunduki ya askari mwenzake inafyatuka kwa bahati mbaya, na luteni wake, kwa kuogopa kupoteza cheo, anamzika kabla roho haijamtoka. Su-hong anageuka kuwa mzimu wa kisasi, na kwa sheria ya kuzimu mizimu ya namna hiyo hufutwa bila kusikilizwa. Gang-rim anaomba asikilizwe, kwa kuwa alikufa kwa dhuluma. Yeomra anakubali kwa sharti kwamba wajumbe wamlete mzee Heo Choon-sam, ambaye siku zake zilikwisha zamani lakini analindwa na mungu wa nyumba yake, Seongju.

Tatizo lote limo katika sentensi hizo chache. Su-hong ni mhanga. Hana anachoficha. Tunachohitaji kujua juu yake tulikwisha kukijua, tena tulikiona kwa macho. Yeye mwenyewe haombi kuzaliwa upya, na anaizungumzia kesi yake kwa ubishi wa mtu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa uwakili: anajua kanuni, hana hamu. Mahakama zinabaki kuwa vituo vya basi. Filamu inalijua hilo, ndiyo maana inaharakisha kuzipita, ikizijaza vichekesho vya waendesha mashtaka wawili ambao kazi yao ni kushindwa. Suala moja tu la kisheria limebaki: je, aliyemzika alijua kwamba bado yu hai? Ni suala zito, lakini ni suala la kosa la mtu mwingine.

Hapo ndipo wanapoingia dinosau. Wengi wamelicheka tukio hilo, na wana haki ya kucheka. Katikati ya njia ya kuzimu ya Kibudha, marehemu na wakili wake wanafukuzwa na mijusi mikubwa ya kale, na filamu inatoa maelezo ya haraka kwamba woga wa marehemu ndio unaoiumba hatari. Ila si haki kuwalaumu dinosau kana kwamba wao ndio ugonjwa. Katika sehemu ya kwanza hatari za njiani zilikuwa na uhusiano na shtaka lililokuwa mbele. Katika ya pili hakuna shtaka lenye uzito, kwa hiyo hatari inaweza kuwa chochote. Pale ambapo mtunzi hana la kumuuliza mshtakiwa wake, kompyuta hupewa nafasi ya kuzungumza.

Hapa ni muhimu kutazama chanzo. Filamu hizi zinatokana na katuni ya mtandaoni ya Joo Ho-min, iliyochapishwa kwa mfululizo katika tovuti ya Naver kati ya 2010 na 2012, katika sehemu tatu: kuzimu, dunia na visasili. Katika katuni, Ja-hong si mzimamoto. Ni mwajiriwa wa ofisini, mtu wa kawaida kabisa, aliyekufa kwa ugonjwa uliotokana na pombe ya kikazi. Anatetewa na wakili kijana, Jin Gi-han, ambaye filamu ilimwondoa na kumpa Gang-rim kazi yake. Mashabiki wa katuni walilalamikia kuondolewa kwa wakili huyo, na mara nyingi malalamiko ya mashabiki huishia kwenye uaminifu kwa chanzo. Mimi nadhani walikuwa wamegusa jambo la ndani zaidi. Katuni inamhukumu msomaji, kwa kuwa mtu wa kawaida mwenye madhambi madogomadogo ni sisi. Filamu ya kwanza inamhukumu shujaa, lakini inamrudisha kwetu kwa kumvua ushujaa. Filamu ya pili inamhukumu mhanga, na mhanga hawezi kurudishwa kwetu kwa njia hiyo. Kila hatua mshtakiwa anazidi kutusogea mbali, hadi kiti chake kinabaki kitupu.

Ninaweza kupingwa kwamba mshtakiwa asiye na hatia si lazima aiue hadithi, na upinzani huo una nguvu kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili kuliko kwa mwingine yeyote. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, imejengwa yote juu ya kesi ya mtu asiye na hatia. Karama anashtakiwa na Majivuno, anapewa siku sita za kujitetea, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja kati ya sita waliotumwa katika nchi nyingine na kurudi kufungwa. Hatuna shaka hata dakika moja kwamba Karama hana kosa. Mbona basi kesi ile haichoshi? Kwa sababu kadiri anavyozungumza, ndivyo kiti cha mshtakiwa kinavyohama. Siku ya pili au ya tatu msomaji amekwisha kutambua kwamba aliyesimamishwa mbele ya haki ni Kusadikika yenyewe, pamoja na baraza lake lililozoea kuadhibu bila kusikiliza. Kutokuwa na hatia kwa mshtakiwa kumegeuzwa kuwa shtaka dhidi ya mahakama.

Sehemu ya pili ya Singwa Hamkke ilikuwa na nafasi hiyohiyo. Kanuni ya kufuta mizimu ya kisasi bila kuisikiliza ni kanuni ya kutisha. Inasema kwamba aliyedhulumiwa akikasirika mno hupoteza haki ya kusikilizwa. Gang-rim anaipinga kwa ajili ya Su-hong, kisha kanuni inasahauliwa. Hakuna anayeuliza ni wangapi waliofutwa kabla ya Su-hong. Wajumbe wa Kusadikika waliteswa kwa kuleta habari, ilhali wajumbe wa kuzimu hii, kwa miaka elfu moja, hawajaleta hata swali.

Wakili, hakimu na mwana

Mtetezi wa filamu atajibu kwamba mshtakiwa halisi ni Gang-rim. Ni kweli, na hapa ndipo penye utajiri ambao filamu iliugusa na kuuacha. Huku kuzimu, Gang-rim anamsimulia Su-hong maisha yake ya zamani. Huku duniani, Seongju anawasimulia Hewonmak na Deok-choon maisha yao waliyoyasahau, kwa kuwa yeye ndiye aliyezichukua roho zao wakati ule. Masimulizi hayo mawili yanakutana polepole katika enzi ya Goryeo, kwenye mpaka wa kaskazini. Gang-rim alikuwa mwana wa jemadari. Baba alimlea Hewonmak kama mwanawe mwingine, na mwana wa kumzaa akaona wivu. Deok-choon alikuwa yatima wa Wajurchen, na wazazi wake waliuawa na Hewonmak, yuleyule ambaye baadaye alimlisha. Gang-rim aliwaua wote wawili. Kabla ya hapo, katika uwanja wa vita, alimkuta baba yake chini ya maiti, akiwa bado anapumua, akageuka akaondoka.

Kwa hiyo wakili anayejaribu kuthibitisha kwamba luteni alimzika mtu aliye hai ndiye aliyemwacha baba yake chini ya maiti akiwa hai. Kila swali analouliza mahakamani linampiga yeye. Mtunzi yeyote wa tamthiliya angetoa kidole chake kimoja kupata kinaya cha namna hiyo. Tena wahanga wake wawili wamekuwa wasaidizi wake kwa miaka elfu moja, wakimwita kiongozi, bila kumbukumbu, ilhali yeye kumbukumbu ameachiwa. Hiyo ndiyo Ingwa Yeon: fungamano lililozaliwa na kosa.

Lakini filamu inayashughulikiaje? Kwa kisengere nyuma. Kosa la Gang-rim halisikilizwi mahakamani, linasimuliwa njiani. Yeye anaungama kwa Su-hong, ambaye hakumkosea. Hewonmak na Deok-choon, aliowakosea, wanapata habari kutoka kwa mtu wa tatu katika nyumba nyingine, mbali na mkosaji. Hawapati kumuuliza lolote. Sehemu ya kwanza ilikuwa imetufundisha kwamba msamaha hutoka kwa aliyekosewa, aliyejua alichotendewa, na kwamba bila huo hakuna mfalme anayeweza kuufunga mlango wa shtaka. Sehemu ya pili inawapa wahanga habari kisha inawanyang’anya kikao. Si suala la muda. Filamu ina takriban dakika 140, na masimulizi ya Goryeo yanachukua sehemu kubwa ya hizo. Theluji, farasi na panga vimepigwa picha kwa uangalifu mkubwa, na Kim Hyang-gi, aliyetunukiwa tuzo ya Blue Dragon kwa uigizaji wake wa Deok-choon katika sehemu ya kwanza, anaweza kubeba tukio kwa uso peke yake. Vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni chumba kimoja chenye viti vitatu.

Badala yake tunapewa ufichuzi: Yeomra, hakimu mkuu, ni baba yake Gang-rim, aliyechukua kiti cha enzi cha kuzimu baada ya kifo kile. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza ni mshtuko. Kwa mtazamaji wa mara ya pili ni maafa ya kisheria. Hakimu amekuwa akisikiliza kesi za wakili ambaye ni mwanawe na muuaji wake, na ameweka masharti ya ukombozi wa wakili huyo kwa siri. Ningefurahi sana kama filamu ingelichukua jambo hilo kwa uzito. Katika kisasili cha Jeju ambamo jina la Gang-rim linatoka, kile kiitwacho Chasa Bonpuri na kuimbwa na waganga wa kisiwa hicho, Gangnim ni mtumishi wa serikali aliye hai anayetumwa kuzimu kumleta Yeomra duniani ili aamue kesi ambayo binadamu hawakuiweza. Anakwenda, na Yeomra anakuja. Yaani visasili vyenyewe vilikwisha kuwaza jambo la ujasiri, kwamba mfalme wa wafu anaweza kuitwa shaurini na mtu mdogo. Filamu imelichukua jina na kulipa babake cheo. Mwito wa kisheria umegeuzwa kuwa mkutano wa familia, na hukumu imeyeyuka katika machozi ya baba na mwana, ambayo safari hii mimi sikuyashiriki.

Kuna kauli inayotolewa na Seongju ambayo, nadhani, ndiyo kitovu cha kifalsafa cha sehemu hii: kwamba hakuna binadamu wabaya, kuna hali mbaya tu. Ma Dong-seok anaisema kwa upole unaomfaa, mtu mwenye mabega kama mlango akizungumza kama mlezi wa watoto, na kwa muda mfupi mtu anakubali. Lakini kauli hiyo ikiwa kweli, mahakama saba zinafanya kazi gani? Hali haishtakiwi kwa uvivu wala kwa usaliti. Luteni aliyemzika Su-hong alikuwa katika hali mbaya. Gang-rim chini ya kivuli cha Hewonmak alikuwa katika hali mbaya. Hata Ja-hong, na mto mkononi, alikuwa katika hali mbaya kuliko wote, na filamu ya kwanza haikukubali hilo litoshe. Ilimtaka ajue alichofanya na ilimtaka aliyekosewa aseme. Sehemu ya pili imeweka katika kinywa cha mhusika wake anayependwa zaidi kauli inayoifuta sehemu ya kwanza, wala haionyeshi kutambua.

Nyumba ya mzee Heo

Nimeiacha nyumba hadi mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma. Heo Choon-sam anaishi na mjukuu wake Hyun-dong, mtoto ambaye bado hajaanza shule, katika mtaa uliotengwa ubomolewe ili ujengwe upya. Seongju, mungu wa nyumba, amejitwalia mwili wa binadamu ili awalinde, jambo ambalo halimpi nguvu juu ya wadai madeni, maana hatakiwi kumdhuru binadamu. Ameziweka fedha za familia katika mfuko wa uwekezaji, na thamani imeporomoka. Mungu wa jadi anayefuatilia bei za hisa kila siku, akiapa kwamba zitapanda tena, ni kichekesho bora kabisa cha filamu nzima, na ni zaidi ya kichekesho. Miungu ya nyumba haina kazi pale ambapo nyumba zenyewe ni bidhaa ya kubahatisha.

Habari hii inatoka katika sehemu ya pili ya katuni, iliyoanza kusomwa wakati wasomaji wa Kikorea walikuwa bado na kumbukumbu ya Yongsan, mtaa wa Seoul ambapo Januari 2009 wapangaji watano waliogoma kuhamishwa pamoja na askari polisi mmoja walikufa motoni juu ya paa la jengo lililokuwa libomolewe. Katika katuni, ubomoaji ndio hadithi. Katika filamu umekuwa mahali pa kukalia wakati Seongju anasimulia habari za Goryeo. Mabuldoza yanasubiri kisengere nyuma kimalizike.

Washairi wetu wa pwani walijua nyumba iliyobomoka inaweza kufanya kazi gani mbele ya hukumu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaupitisha moyo katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, sasa magofu, kabla ya kuuonyesha moto. Gofu ndilo shahidi wa kwanza, na msomaji anafika kwenye adhabu akiwa amekwisha kusikia ushahidi wa mawe. Mpangilio huo una mantiki ya kimahakama: kwanza ushahidi unaoonekana, kisha hukumu isiyoonekana. Singwa Hamkke ina vyote viwili, nyumba inayovunjwa na mahakama saba, katika filamu moja, kwa bajeti ambayo mshairi wa Pate asingeweza kuiota. Haikuviunganisha. Waliouandikia mtaa ule hati ya kubomolewa hawafiki kuzimu. Hakuna mahakama inayoitwa kwa jina lao, na Deok-choon, anayeweza kusoma mashtaka ya mtu kabla hajafika mlangoni, hapewi hata mara moja nafasi ya kuyasoma yaliyo katika nyumba aliyoketi ndani yake.

Anakunywa chai na mtoto, anapanda naye chati ya siku zilizobaki kabla shule haijafunguliwa, na nje ukutani kumepakwa alama ya rangi ya wabomoaji, ambayo kamera inaipita bila kusimama.